Ombi la Masahihisho ya Sinema "Mkufu wa Nizwa"

Ibra, Jumapili, baada ya Alasiri

Kwa Bibi Aseel bint Soud,
Muongozaji wa sinema ya "Mkufu wa Nizwa",
Maskati

Bibi Muongozaji,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu na heshima zinazostahiki cheo chako, nakuarifu kwamba sisi huku Ibra ni wazima, isipokuwa kwa yale uliyotufanyia.

Unanijua kuwa ni ami yako, ndugu wa baba yako kwa baba na mama. Naomba ulisahau hilo kwa muda wa barua hii. Nakuandikia kama mtazamaji aliyedhurika, na kama mtu aliyefanya kazi ya uandishi wa habari tangu ripoti zikisomwa kwa simu ya mezani hadi leo zinapoandikwa na watu wasiotoka kitandani. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya kulalamikia katika nyumba yetu. Ukishindwa na neno, muulize mama yako.

Katika kazi yetu kuna ada moja ambayo kazi yenu haina. Gazeti likikosea, siku ya pili husahihisha. Husahihisha katika ukurasa ule ule na kwa herufi za ukubwa ule ule. Gazeti letu liliwahi kumfisha mfanyabiashara mmoja wa Sur aliyekuwa mzima. Asubuhi yake likamfufua. Yule bwana alipiga simu kushukuru, kisha akalalamika kwamba uhai wake ulipewa nafasi ndogo kuliko kifo chake. Mhariri alikubali, na siku iliyofuata akafufuliwa tena kwa herufi kubwa.

Nataka jambo hilo hilo kwako. Nataka sinema yako isahihishwe.

Nieleze kwa ufupi kilichomo, ili tusije tukabishana juu ya sinema mbili tofauti, jambo ambalo huku linafanyika kila siku. Kijana anayeitwa Hilal anaingia soko la dhahabu la Nizwa akijifanya mnunuzi. Yumo katika kundi la wezi wanaoutaka mkufu wa kale wa sonara mmoja. Anampenda binti wa sonara. Anamposa, anaozeshwa. Mkufu unaibiwa. Sonara anakutwa amelala ghalani, maiti, na Hilal amesimama juu yake, ameshika khanjari, jambia la Kiomani. Hapo mtu yeyote angesema Hilal ni muuaji. Sehemu ya mwisho inaonyesha kwamba sivyo: Hilal ni askari wa siri, khanjari alikuwa ameichomoa tu kutoka kwenye maiti, na muuaji ni mshirika wa sonara, yule mwenye miwani.

Sinema ni nzuri. Wanaume wa Ibra walipiga makofi, jambo ambalo hawalifanyi hata kwenye harusi za watoto wao. Silalamikii ubora wake. Nalalamikia matokeo yake, ambayo ni haya:

1. Umeonyesha sinema mbili kwa jina moja.

Ilionyeshwa katika ukumbi wa harusi, wanawake Jumatano na wanaume Alhamisi. Jumatano ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo siku ya soko la wanawake, na wengi huwa wameshakuja mjini. Mpango huo ulikuwa wa busara na sina neno nao. Mitambo iliendeshwa na Yaarub, mwangalizi wa ukumbi, mtu wa haya na malezi. Kwa kuwa ndani walikuwa wanawake peke yao, Yaarub alikaa chumba cha nyuma, ambacho hakina hata tundu la kuchungulia.

Maghrib ilipoadhiniwa, Yaarub aliisimamisha sinema akaenda msikitini. Kwenye kiwambo ikabaki picha ya Hilal na khanjari, na sonara chini ya miguu yake. Wanawake wakaenda kusali. Waliporudi, picha ilikuwa ile ile. Wakaitazama. Mmoja akasema, "Basi, ndo imekwisha." Mwengine akauliza, "Mbona hawakumkamata?" Akajibiwa, "Ndo sinema za siku hizi, mwisho wanakuachia mwenyewe." Chupa za kahawa zikafunguliwa, nyimbo za harusi zikawekwa, na ukumbi ukarudi kazini kwake.

Yaarub alirudi, akagonga mlango kuuliza kama aendelee. Akajibiwa na sauti zote kwa pamoja, "Kuna wanawake!" Akasema, "Samahani," akaenda nyumbani. Nilimuuliza kwa nini hakugonga tena. Aliniambia, "Ustadhi, mie nishaambiwa kuna wanawake. Nigonge mara ya pili natafuta nini?"

Wanaume, siku ya pili, walianza baada ya Isha. Hawakukatizwa. Wakaiona yote.

Matokeo yake ni kwamba wanawake wa mji huu wamemwona muuaji aliyesalimika, na waume zao wamemwona askari shujaa, na wote wanazungumzia mtu mmoja mwenye kanzu moja. Utasema waume wangewaeleza wake zao. Waliwaeleza. Jirani yangu mmoja alimwambia mkewe kwamba Hilal ni mtu mwema. Mkewe akamtazama sana, kisha akamwambia, "Leo ndo nimekujua." Chakula cha usiku hakikupikwa katika nyumba ile.

2. Umemuua Ishak.

Ishak, muuza halwa, ndiye uliyempa kazi ya kuwa sonara. Alilala ghalani vizuri, bila ya kupumua, na kila mtu anakiri hivyo. Jirani yetu Bi Mahfoudha, ambaye halwa yake hununuliwa na wajukuu, alikuwa hamjui Ishak ila kwa uso. Siku ya Ijumaa alikaanga sambusa akazipeleka nyumbani kwa Ishak kumpa mkono mjane. Mlango akafunguliwa na Ishak. Bi Mahfoudha akasema, "Pole baba. Subhana Llah, mmefanana na marehemu kama mapacha." Ishak akauliza marehemu yupi. Bi Mahfoudha akajisemea, "Hajafahamu bado, maskini. Huzuni hizo." Akakabidhiwa sahani.

Ishak amenithibitishia kwamba alizila. Maneno yake ni haya: "Zilijaa nyama. Ningejua matanga yangu yatakuwa mazuri vile, ningekubali zamani." Lakini baada ya hapo hacheki tena. Wateja wa vijijini wanaingia dukani kwa huzuni, wanamwita kwa jina la ndugu ambaye hanaye, na wanamsifia marehemu kwamba halwa yake ilikuwa nzito kuliko hii.

3. Hilal anakimbia katika soko la Nizwa, anakata kona, na hapo hapo yuko baharini Tiwi. Baina ya soko lile na bahari ile ipo Izki, ipo milima, na yapo masaa ya kuendesha gari. Nimezipita njia hizo umri wangu wote nikifuata habari. Naomba nionyeshwe hiyo kona.

4. Umemharibia jina Adham, na kwa kumharibia yeye umeharibu jambo la nyumbani kwangu.

Hili ndilo lalamiko lenyewe. Mengine ningeweza kuyavumilia.

Adham, uliyemfanya Hilal, ni kijana wa Sur. Anafanya kazi Ras al Jinz, katika hifadhi ya kasa. Kazi yake ni kuwaongoza wageni ufukweni na kuwaambia wazime taa na wasipige kelele, ili kasa atage kwa amani. Ulimchagua, uliniambia mwenyewe, kwa sababu anajua kusimama kimya gizani. Hiyo ni sifa ya kazi yake. Wewe ukaifanya sifa ya mwenye khanjari.

Kabla ya sinema kuonyeshwa, mama yake, Bi Kaltham, alileta posa kwetu kumtaka Wasan, binti yangu. Wasan alimjua Adham tangu mlipokuwa mkipiga picha, naye Wasan akikuleteeni chakula. Na uso wake posa ilipofika haukuwa wa mtu aliyeshtuka. Mimi nilikuwa radhi. Lakini unajua desturi ya nyumba yetu. Posa hujibiwa na wanawake. Baba huja akaambiwa amekubali nini. Na mwanamke wa nyumba yetu ni dada yangu mkubwa, shangazi yako Bi Shukriya, aliyemlea Wasan tangu mama yake alipofariki.

Bi Shukriya alifanya uchunguzi. Nimefanya kazi na waandishi wasioweza kufanya uchunguzi wa namna ile. Aliuliza majirani wa Sur, wenzake Adham wa kazini, imamu wa msikiti wao, na mwanamke mmoja aliyewahi kugombana na Bi Kaltham, ambaye ndiye chanzo bora kuliko vyote. Majibu yalikuwa mamoja: kijana anasali, hana sigara, anampeleka mama yake hospitali mwenyewe. Jibu la ndiyo lilipangwa kutolewa Ijumaa. Jumatano Bi Shukriya akaenda kutazama sinema.

Aliporudi alivua baibui, akakaa, akaniambia: "Nizar, mie nimeuliza Sur nzima, na wote wamenambia mwema. Hakuna hata mmoja alonambia ana khanjari."

Nikamwambia anaigiza.

"Mtu haigizi asichokuwa nacho," akasema. "Wewe hebu igiza kucheza mpira."

Sikuigiza.

Wasan, ambaye kwa kawaida hazungumzi mbele ya shangazi yake katika mambo haya, alisema, "Shangazi, mie naolewa na Adham, siolewi na Hilal." Bi Shukriya akamuuliza, "Na wakija wote wawili kwa gari moja, utamfungulia nani?" Wasan akanitazama mimi.

Nilirudi kwa Bi Shukriya siku ya Ijumaa, nikiwa na ushahidi wa wanaume walioiona sehemu ya mwisho. Nilimletea majina yao. Akaniambia, "Wanaume hushikana. Mmoja akiua, mia wanamfulia kanzu."

Posa haikujibiwa. Wiki iliyofuata Bi Kaltham alinipigia simu. Wao, kama unavyojua, walitoka Bara, na husema filamu pale sisi tunaposema sinema. Alisema: "Bwana Nizar, mtoto wangu ana kazi pamanenti, ana leseni, na hajawahi kupiga mtu hata kofi. Kama mnamwogopa kwa sababu ya filamu, nyinyi semeni tu. Hata Sur kuna mabinti." Kisha akasema atangoja mpaka mwezi wa Ramadhani uandame, si zaidi. Shaabani imeshaingia. Mwanamke aliyesema vile kwa utulivu ule hangoji.

Kuhusu Wasan, mimi si mtu wa kueleza nyoyo za watu, naeleza ninachokiona. Anafanya kazi Izki, katika ofisi ya serikali, na hurudi Ibra kila jioni. Zamani nilikuwa nikisikia gari, kisha mlango wa gari, kisha mlango wa nyumba. Sasa nasikia gari likizimwa uani, kisha sisikii kitu. Nikichungulia, amekaa ndani, mikono juu ya usukani. Hukaa mpaka chai yake ipoe. Kisha huingia, akasema hana njaa.

5. Umemuoza Adham bila ya kutushauri.

Katika sinema yako kuna nikahi. Si maneno ya mapenzi kando ya falaj, mfereji wa mashamba, ambayo watu wangeyasamehe. Ni nikahi kamili: walii wa kumuozesha binti, mashahidi, mahari, ijabu na kabuli, yaani kuozesha na kukubali, na sauti safi kabisa. Bi Shukriya aliisikiliza neno kwa neno. Inajulikana kwamba nikahi haina mzaha, aliyekusudia na asiyekusudia ni mamoja. Kwa hivyo swali lake la pili, baada ya khanjari, lilikuwa hili: je, mtu huyu hana mke tayari? "Nimeona kwa macho yangu akikubali," akasema. "Mahari kataja. Wasan mke wa pili hawi, na bi mkubwa mwenyewe ni binti wa mtu alomuua."

Nililichunguza jambo hili kama ninavyochunguza mambo yote. Nilimwendea mtu wa ilimu. Alicheka. Kisha akaacha kucheka. Kisha akauliza, "Walii alikuwa nani?" Nikamwambia Ishak, muuza halwa. Akauliza kama Ishak ana nasaba na yule binti. Nikaenda kwa Dalal, aliyeigiza kuwa binti huyo, nikamuuliza nasaba yake mpaka babu wa nne. Hakuna uhusiano wowote na Ishak. Zaidi ya hayo Dalal ana mume, ambaye ndiye aliyekuwa ameshika taa wakati nikahi ikifungwa, na anasema alikuwa radhi wakati ule kwa sababu aliambiwa ashike taa tu. Yule mtu wa ilimu akasema nikahi hiyo si kitu, na akaniomba nikufikishie kwamba mara nyengine mkate picha kabla ya kabuli.

Nimemletea Bi Shukriya fatwa hiyo. Akasema, "Alhamdulillahi, mke hana. Yabaki maiti."

6. Wanaume nao wamekuwa wabaya kuliko wanawake.

Nilidhani walioona mwisho wangetulia. Hawakutulia. Wameshika kwamba Adham ni askari wa siri, na kwamba kasa ni kisingizio. Alipokuja Ibra kutusalimia, wanaume katika majlisi walisimama. Bwana mmoja wa Izki alimvuta pembeni, akamweleza kwamba amepotelewa na mbuzi aliyemnunua kwenye mnada wa Ijumaa wa Nizwa. Adham akamwambia, "Ami, mie mtu wa kasa." Yule bwana akapunguza sauti: "Nafahamu, mwanangu. Nafahamu. Lakini ukipata nafasi." Asubuhi yake mbuzi akarudi mwenyewe. Sasa Adham hawezi kunywa kahawa mjini hapa bila ya kukaliwa na mtu aliyepigwa picha na rada ya barabarani, anayetaka kufutiwa faini.

Adham anawakatalia wote kwa upole. Upole huo wanauchukulia kuwa ndiyo kazi.

Basi, Bibi Muongozaji, maombi yangu ni haya.

Najua utasema dawa ni rahisi: wanawake waonyeshwe sehemu iliyobaki. Nimelifikiria hilo na nalikataa. Uongo wa kwanza ni kwamba Adham ni muuaji. Uongo wa pili ni kwamba Adham ni askari. Kuuondoa wa kwanza kwa kuuweka wa pili si kusahihisha, ni kuhamisha. Sitaki binti yangu aolewe kwa uongo, hata uongo mzuri. Nimeishi kwa kanuni hiyo katika kazi, na sioni kwa nini niiache mlangoni kwangu.

Nataka kiwambo kiwekwe maandishi haya, nami nimekwisha kuyaandika ili usipate taabu:

"MASAHIHISHO. Katika sinema ya Mkufu wa Nizwa ilionyeshwa kwamba Bwana Adham aliiba, akaoa, akaua, kisha akawa askari. Ukweli ni kwamba hakuiba, hakuoa, hakuua, na si askari. Ishak yu hai na duka lake liko wazi. Bahari haiko Nizwa. Tunaomba radhi kwa familia zote zilizohusika."

Yasomwe pia kwa kipaza sauti katika soko la Jumatano, na msomaji awe mwanamke, ili asiambiwe kwamba wanaume hushikana.

Kisha kuna suala la ukubwa. Nimekueleza ada yetu: masahihisho yawe na ukubwa wa kosa. Kosa lako lilichukua kiwambo kizima na muda wa sinema nzima. Maandishi ya kupita hayatoshi. Yule bwana wa Sur angelalamika, na angekuwa na haki. Kwa hivyo nadai sinema ya pili, yenye urefu ule ule, ambamo Adham ataonekana kama alivyo. Ataonekana akinunua mkate. Ataonekana akimpeleka mama yake hospitali, na kungoja kwenye kiti. Ataonekana akimwambia mgeni azime taa, na mgeni akazima. Arudi nyumbani, avue viatu, aulize kama kuna kazi. Pasiwe na mkufu wala maiti, na muziki usipande. Mtazamaji akichoka, ndiyo dalili kwamba masahihisho yamemfikia.

Na kama sheria za sinema haziruhusu, basi sheria zibadilishwe: sinema yoyote isionyeshwe kabla ya kupitiwa na shangazi wa kila muigizaji asiyeoa.

Sikuombi haya kwa ajili yangu. Mji ukiamua kwamba kilichoonwa kwenye kiwambo ni kweli kuliko kilichoulizwa mlango kwa mlango, basi uchunguzi wote umekufa, wa kwangu na wa Bi Shukriya. Na binti yangu ataendelea kukaa ndani ya gari. Ramadhani inakaribia. Fanya haraka.

Hapa ndipo ninapokurudishia cheo chako cha pili, cha mwana wa ndugu yangu. Nisalimie baba yako Soud, mwambie miguu yangu haijambo. Nisalimie mama yako, ambaye nasikia anakuja kwetu wiki hii. Mwambie alete zile mbegu za mchicha. Wasan anakusalimu, ingawa hakusema. Bi Shukriya anakusalimu na anauliza lini utaacha kazi hii. Bi Mahfoudha anakusalimu na anakupa pole ya Ishak. Ishak mwenyewe anakusalimu.

Ni mimi, mwenye kutaraji jibu lako kwa maandishi,

Ami yako,
Nizar

Tanbihi. Barua hii ilikuwa imeshatiwa bahasha nilipolazimika kuifungua, kwa sababu mama yako amekuja jana. Mbegu amesahau. Hakusahau simu yake, ambayo umemtilia humo sinema nzima. Wanawake walikusanyika sebuleni kwa Bi Shukriya na wakaitazama sehemu iliyobaki, wakipokezana simu mkono kwa mkono. Hilal alipotoa kitambulisho cha askari, nilisikia vigelegele mpaka barazani.

Bi Shukriya alitoka na macho mekundu. Aliniambia, "Si nilikwambieni? Kijana mkimya vile, lazima ana kazi nyengine." Nikamkumbusha kwamba hakutwambia. Akasema nimeanza kuzeeka. Alimpigia simu Bi Kaltham hapo hapo, na nikahi itafungwa Ijumaa kabla ya Ramadhani kuandama. Ametoa sharti moja tu, Adham asipelekwe tena kwenye kazi za hatari. Adham, alipopewa simu, alimwambia kweli kwamba yeye ni mtu wa kasa. Bi Shukriya alifumba jicho moja akatutazama sisi. "Ndivyo walivyofundishwa kusema," akasema.

Jioni hiyo niliusikia mlango wa gari na mlango wa nyumba, mmoja baada ya mwengine. Wasan alikula, akaomba tena.

Kwa hivyo malalamiko yote nayaondoa, isipokuwa la tatu. Kona ya Tiwi bado naitaka. Masahihisho usiyaweke kwenye kiwambo, usiyasome sokoni, wala usimwonyeshe mtu, hasa maneno "na si askari". Sinema ya pili, ile ya mkate, ichelewe mpaka nikahi imefungwa. Na ikiwezekana mpaka wapate mtoto. Kuhusu Ishak hakuna la kufanya, kwani hata mwisho wa sinema bado amekufa. Halwa ya harusi tumeiagiza kwa nduguye.

Na kwa kuwa sijawahi kuandika habari bila ya kuithibitisha kwa mhusika, nilimwita Adham pembeni nikamuuliza, mwanamme kwa mwanamme, kama ni kweli si askari. Kabla ya kunijibu, aligeuka akatazama nyuma yake. Kisha akasema, "Ami, mie mtu wa kasa."

Sikuendelea na maswali. Nimekuandikia nilichokiona.